Kwa nini nusu na theluthi hazifanyi mbili ya tano?

Swali: Nina umri wa miaka 35 na ninajiandaa kurudi kwenye masomo niliyoyaacha zamani. Hesabu za namba nzima hazinisumbui, lakini sehemu zinanishinda. Nikijumlisha 1/2 na 1/3 ninaandika 2/5, naambiwa nimekosa. Nikizidisha juu kwa juu na chini kwa chini, naambiwa nimepata. Katika kugawanya ninatakiwa kuipindua sehemu ya pili kisha nizidishe, na hakuna aliyewahi kunieleza sababu. Juzi niligawanya 3/4 kwa 2/3 nikapata jibu kubwa kuliko namba niliyoanza nayo, nikadhani nimekosea. Je, kuna namna ya kuzielewa sehemu bila kukariri kanuni moja moja?

Jibu:

Ndugu msomaji, namna ipo, na msingi wake umo tayari katika lugha unayoizungumza. Tunaposema "robo tatu", neno linalotangulia ni jina la kitu na linalofuata ni idadi yake, sawasawa na tunavyosema "siku tatu" au "mita tatu". Robo ni kitu chenye jina lake, na tatu inatuambia robo hizo ziko ngapi. "Theluthi mbili" nayo ni hivyo hivyo. Lakini tukiingia darasani, 3/4 husomwa "tatu juu ya nne" au "tatu kwa nne", na hapo jina linapotea. Mwanafunzi anabaki akiona namba mbili zilizotenganishwa kwa mstari, na mtu anayeona namba mbili hana sababu ya kutozijumlisha zote mbili. Kosa lako la 2/5 limezaliwa hapo. Limetokana na namna ulivyofundishwa kuisoma sehemu, wala usilichukue kuwa dalili kwamba akili yako haifai kwa hesabu.

Namba ya chini huitwa asili na ya juu huitwa kiasi, na kwa maoni yangu majina haya mawili yanafundisha vizuri kuliko kanuni nyingi. Asili inaeleza kipande kimetoka katika mgawanyo gani, yaani kitu kizima kimegawanywa katika mafungu mangapi yaliyo sawa, na kwa hiyo kila fungu linaitwaje. Kiasi kinaeleza mafungu ya jina hilo yapo mangapi. Kiswahili kina majina ya neno moja kwa asili zote kuanzia 2 hadi 10, mengi yakiwa yametoka Kiarabu: nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumni, tusui na ushuri. Matatu ya kwanza yangali yanasikika kila siku, na mengine tumeyaacha yafifie. Nasikitika kwa hilo, kwa sababu anayeulizwa "humusi mbili ukijumlisha humusi moja ni ngapi?" hujibu "humusi tatu" bila kusita, ilhali mtu huyo huyo akiandikiwa 2/5 + 1/5 anaweza kuandika 3/10. Hesabu ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba katika maandishi jina limevaa sura ya namba, naye amelihesabu.

Ili uone kwamba tofauti hii kati ya jina na idadi haikuwajia wanadamu kirahisi, watazame Wamisri wa kale. Katika maandishi yao ya picha, sehemu iliandikwa kwa kuweka alama ya mdomo juu ya namba, na alama hiyo ikiwa juu ya tano ilimaanisha moja ya tano. Walikuwa na jina, lakini hawakuwa na mahali pa kuweka idadi. Katika hati ya mafunjo iliyonakiliwa na mwandishi Ahmes mnamo mwaka 1550 kabla ya Kristo, ambayo leo imo katika British Museum jijini London, ukiacha 2/3 iliyokuwa na alama yake ya pekee, kila sehemu ina kiasi cha moja. Kwa hiyo 2/5 iliandikwa kuwa 1/3 na 1/15, na 2/7 iliandikwa kuwa 1/4 na 1/28, na hati hiyo inaanza na jedwali refu la hesabu za namna hiyo kwa namba witiri hadi 101. Walikuwa mafundi hodari wa hesabu, na bado kila walipotaka kuongeza humusi moja juu ya humusi moja walilazimika kutafuta jibu katika jedwali. Sisi tunaandika 2/5 na kuendelea na safari, kwa sababu tu tuna kiasi cha kuhesabia na asili ya kutajia.

Kabla ya kujumlisha chochote, kuna mambo mawili ambayo lazima yashikwe. La kwanza ni kwamba mafungu yawe sawa, maana kitu kilichokatwa vipande vitatu visivyolingana hakina theluthi ndani yake. La pili, ambalo husahaulika zaidi, ni kwamba sehemu mbili zinaweza kulinganishwa au kujumlishwa ikiwa tu zimetoka katika kitu kizima kimoja au katika vitu vizima vinavyolingana. Nusu ya kamba fupi na nusu ya kamba ndefu zote ni nusu, lakini si urefu mmoja. Tutarudi kwenye jambo hili, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini 2/5 ilikushawishi.

Sasa chukua karatasi. Ikunje katika mafungu matatu sawa kwa wima, ifungue, kisha paka rangi mafungu mawili. Umepaka theluthi mbili, yaani 2/3. Bila kuongeza rangi, ikunje karatasi hiyo katikati kwa mlalo, kisha uifungue tena. Mafungu sasa ni sita na yaliyopakwa rangi ni manne, kwa hiyo rangi ileile inaitwa 4/6, yaani sudusi nne. Ukiikunja kwa mlalo katika mafungu manne badala ya mawili, utapata mafungu 12, na yenye rangi yatakuwa manane: 8/12. Rangi haikuongezeka wala haikupungua. Kila fungu limekuwa dogo zaidi, na idadi ya mafungu imeongezeka kwa kadiri ileile. Hii ndiyo sababu tunaruhusiwa kuzidisha kiasi na asili kwa namba moja: tunabadilisha jina la kipande na, papo hapo, tunarekebisha idadi ili kitu kisibadilike. Tendo hili dogo ndilo linalobeba karibu hesabu zote za sehemu, na ningekushauri ulifanye kwa mikono yako mara kadhaa kabla ya kulifanya kwa kalamu.

Kurahisisha ni safari hiyo hiyo kwa kurudi nyuma. Ukikutana na 84/126, unatafuta kigawo kikubwa cha shirika cha namba hizo mbili, yaani namba kubwa kuliko zote inayozigawanya zote mbili bila kubaki, na kugawanya juu na chini kwa kigawo hicho. Kama hukioni kwa macho, toa namba ndogo kutoka kwenye kubwa: 126 toa 84 ni 42. Kigawo chochote kinachogawanya 84 na 126 ni lazima kigawanye pia 42, na kwa kuwa 84 ni 42 mara mbili, basi 42 ndicho kigawo kikubwa kuliko vyote. Gawanya juu na chini kwa 42 upate 2/3. Njia hii ya kutoa ni ya kale sana, na huokoa muda pale namba zinapokuwa kubwa.

Tuje kwenye jumla yako ya 1/2 na 1/3. Ifanye kwa saa moja. Nusu saa ni dakika 30, na theluthi ya saa ni dakika 20, kwa hiyo jumla ni dakika 50. Jibu lako la 2/5 lingekuwa na dakika ngapi? Humusi ya saa ni dakika 12, basi humusi mbili ni dakika 24. Ulianza na dakika 30, ukaongeza 20, ukabaki na 24. Hata bila kujua jibu sahihi, unaona kwamba hilo haliwezekani, kwa sababu 2/5 ni ndogo kuliko nusu uliyoanza nayo.

Tazama tena kilichotokea katika hesabu ya dakika. Nusu na theluthi zina majina tofauti, na vitu vyenye majina tofauti havihesabiki pamoja, kama vile saa mbili na dakika tatu zisivyofanya tano ya kitu chochote mpaka ziwekwe katika kipimo kimoja. Ulipozibadilisha zote kuwa dakika, yaani vipande vya 60, zilipata jina moja, ukajumlisha idadi ukapata 50/60, ambayo ukiirahisisha ni 5/6. Lakini si lazima ufike hadi 60. Kigawe kidogo cha shirika cha 2 na 3, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili bila kubaki, ni 6. Nusu ni sudusi tatu, theluthi ni sudusi mbili, na jumla ni sudusi tano. Kanuni ya "tafuta asili inayofanana" uliyoambiwa uikariri haina maana nyingine zaidi ya hii: vipe vitu jina moja, kisha hesabu.

Kigawe kidogo cha shirika, ambacho shuleni hufupishwa kuwa KDS, hutafutwa kwa ajili ya kupunguza kazi tu. Jumlisha 5/12 na 7/18. Ukizidisha asili zote mbili utapata 216, na hesabu itakuwa 90/216 + 84/216, yaani 174/216. Jibu ni sahihi, lakini bado unapaswa kugawanya juu na chini kwa 6 ili upate 29/36. Ukianza na KDS ya 12 na 18, ambayo ni 36, unaandika 15/36 + 14/36 na kufika 29/36 moja kwa moja. Nimewaona wanafunzi wengi wakiacha swali zima kwa sababu wameshindwa kupata KDS. Ikikushinda, zidisha asili kwa asili na uendelee, kisha urahisishe mwishoni, kwa sababu asili yoyote ya pamoja inafaa.

Nilisema 2/5 ilikushawishi kwa sababu maalumu. Chukulia umefanya zoezi la maswali mawili ukapata moja, kisha zoezi jingine la maswali matatu ukapata moja. Kwa ujumla umepata mawili kati ya matano, na hapo 2/5 ni kweli kabisa! Kwa nini sasa inakubalika? Kwa sababu vitu vizima ni viwili na havilingani: kizima cha kwanza ni maswali mawili, cha pili ni maswali matatu, na cha mwisho ni maswali matano. Hapo hukujumlisha sehemu, umeunganisha makundi na kupata kiwango cha kundi kubwa. Ndiyo maana jibu linaangukia katikati ya sehemu mbili ulizoanza nazo, kubwa kuliko 1/3 na dogo kuliko 1/2, kama wastani unavyofanya, ilhali jumla ya namba mbili chanya haiwezi kuwa ndogo kuliko mojawapo. Kwa hiyo unapokutana na swali la maneno, jiulize kwanza kila sehemu ni sehemu ya nini. Kama kitu kizima ni kilekile, unajumlisha kwa kutafuta jina moja. Kama vizima ni tofauti, alama ya kujumlisha haifai hata kuandikwa.

Tabia ya kukadiria kabla ya kukokotoa ningeiweka mbele ya kanuni zote. Mwaka 1978 nchini Marekani, katika tathmini ya kitaifa ya elimu, wanafunzi wa miaka 13 walitakiwa kukadiria jumla ya 12/13 na 7/8, wakapewa majibu manne ya kuchagua: 1, 2, 19 na 21. Waliochagua 2, ambalo ndilo jibu sahihi, walikuwa asilimia 24 tu, na zaidi ya nusu walichagua 19 au 21. Utaona namba hizo zilikotoka: 12 na 7 ni 19, 13 na 8 ni 21. Anayeisoma 12/13 kuwa kitu kimoja, tena kitu kilichopungukiwa na kipande kimoja tu ili kiwe kizima, anajua kwamba kila moja kati ya sehemu hizo inakaribia 1, na hahitaji kalamu. Kwa njia hiyo hiyo unaweza kuzilinganisha: 12/13 imepungukiwa na 1/13, na 7/8 imepungukiwa na 1/8. Kadiri asili inavyokuwa kubwa ndivyo kipande kinavyokuwa kidogo, kwa hiyo pengo la 1/13 ni dogo zaidi, na 12/13 ndiyo kubwa.

Kutoa hakuna jambo jipya, isipokuwa pale namba mchanganyiko zinapoingia. Chukua 4 na 1/6, utoe 1 na 3/4. Kwa asili ya 12, hiyo ni 4 na 2/12 kutoa 1 na 9/12. Vipande 2 havitoshi kutoa 9, na hapo wengi hugeuza wakatoa 2 kutoka kwenye 9, wakaandika 3 na 7/12. Badala yake vunja nzima moja kati ya zile nne iwe vipande 12, ili 4 na 2/12 isomeke 3 na 14/12, kisha utoe upate 2 na 5/12. Kama jambo hili linaonekana geni, kumbuka kwamba tunalifanya tunaposoma saa: "saa nne kasorobo" ni nne kutoa robo, na hakuna anayehitaji kufikiri ili ajue kwamba hiyo ni tatu na robo tatu. Nzima moja ya nne imevunjwa kuwa robo nne, robo moja ikaondolewa, zikabaki tatu.

Katika kuzidisha, majina hayahitaji kufanana, kwa sababu hatuweki vitu pamoja. Tunachukua sehemu ya sehemu, na neno la kushika ni hilo "ya". Tafuta 2/3 ya 4/5 kwa karatasi nyingine. Ikunje katika mafungu matano kwa wima na upake rangi manne. Kisha ikunje katika mafungu matatu kwa mlalo na uweke mistari ya kalamu juu ya safu mbili za mlalo. Karatasi sasa ina vijumba 15, kwa sababu kila moja ya humusi tano imekatwa vipande vitatu, na vijumba vyenye rangi na mistari kwa pamoja ni vinane, kwa sababu ni safu mbili zenye vijumba vinne kila moja. Jibu ni 8/15. Kuzidisha asili kwa asili kumetupa jina jipya la kijumba kidogo, na kuzidisha kiasi kwa kiasi kumetuhesabia vijumba tunavyovitaka. Kanuni ya juu kwa juu na chini kwa chini haina siri nyingine.

Hapa lugha yetu, iliyotusaidia sana kwenye "robo tatu", inatuletea ugumu kidogo. Neno "kuzidisha" limetokana na kuzidi, na kwa namba nzima kubwa kuliko moja ni kweli kwamba kitu huzidi. Lakini ukichukua theluthi mbili tu ya kitu, huwezi kubaki na zaidi ya ulichokuwa nacho, ndiyo maana 8/15 ni ndogo kuliko 4/5. Ukizidisha kwa namba iliyo chini ya moja, jibu hupungua, na ukigawanya kwa namba iliyo chini ya moja, jibu huongezeka. Jibu lako la juzi lililokuwa kubwa kuliko 3/4 halikuwa na kosa.

Unapozidisha, rahisisha kabla ya kuzidisha. Katika 14/15 × 25/28, 14 na 28 zinagawanyika kwa 14, zikibaki 1 na 2, na 25 na 15 zinagawanyika kwa 5, zikibaki 5 na 3, kwa hiyo jibu ni 5/6 bila kupita kwenye 350/420. Ila jihadhari na jambo moja: kukata namba ya juu na ya chini kunaruhusiwa pale tu namba hizo zinapozidishwa. Ukiwa na 3 + 4 juu na 3 + 5 chini, huwezi kukata zile 3 ukabaki na 4/5, kwa sababu thamani halisi ni 7/8. Kosa hili huwafuata wengi hadi kwenye aljebra, na huko huwa gumu zaidi kuonekana.

Tufike kwenye kugawanya, ambako nadhani ulinyimwa maelezo kuliko kwingine kote. Kugawanya kuna maana mbili. Ya kwanza ni kugawa kitu kwa mafungu sawa, na maana hii haitusaidii sana tunapogawanya kwa 2/3, kwani hakuna mafungu theluthi mbili. Ya pili ni kupima: kitu hiki kimo mara ngapi ndani ya kile? Tuanze na 3 ÷ 1/4. Robo zimo ngapi ndani ya 3? Kila nzima ina robo nne, kwa hiyo zimo 12. Jibu ni kubwa kwa sababu tunapima kwa kipimo kidogo.

Sasa 3/4 ÷ 2/3. Zipe sehemu hizo jina moja, kama tulivyofanya katika kujumlisha: 3/4 ni 9/12 na 2/3 ni 8/12. Swali limekuwa hili: ndani ya vipande 9, fungu la vipande 8 limo mara ngapi? Jina halina kazi tena, kama vile mita 9 kugawanya kwa mita 8 ni sawa na dakika 9 kugawanya kwa dakika 8. Jibu ni 9/8, yaani sehemu guni (sehemu ambayo kiasi chake ni kikubwa kuliko asili) inayoandikwa pia 1 na 1/8. Hatukupindua chochote. Lakini angalia 9 na 8 zilikotoka. Tisa ilipatikana kwa kuzidisha kiasi cha kwanza, 3, kwa asili ya pili, 3. Nane ilipatikana kwa kuzidisha asili ya kwanza, 4, kwa kiasi cha pili, 2. Ukiandika hivyo, 3 × 3 juu na 4 × 2 chini, umeandika 3/4 × 3/2. Kupindua ni njia ya mkato ya kutafuta jina moja na kuliacha, na kwa kuwa jina hilo haliandikwi popote katika njia ya mkato, mwanafunzi haoni kwamba lilikuwapo.

Kuna njia nyingine ya kulitazama jambo hilo, na baadhi ya wanafunzi huipenda zaidi. Katika nzima moja zimo theluthi tatu. Kama kila fungu linachukua theluthi mbili, basi nzima moja inatoa fungu moja na nusu, yaani 3/2. Hivyo 3/2 ni idadi ya mafungu yanayotoka katika nzima moja, na kama una 3/4 tu ya nzima, utapata 3/4 ya idadi hiyo. Sehemu iliyopinduliwa ina maana yake yenyewe, na haikubandikwa hapo ili kukidhi kanuni.

Hesabu hiyo hiyo ifanye kwa kamba, kwa sababu ina mtego ninaotaka uuone. Una kamba ya 3/4 ya mita na unakata vipande vya 2/3 ya mita. Unapata kipande kimoja, na inabaki kamba ya 9/12 kutoa 8/12, yaani 1/12 ya mita. Je, jibu ni 1 na 1/12 au 1 na 1/8? Kinachobaki ni kilekile, lakini kinapimwa kwa vizima viwili tofauti: ni 1/12 ya mita, na ni 1/8 ya kipande, kwa kuwa kipande kizima kina vipande vidogo 8 vya namna hiyo. Kugawanya kunauliza kuhusu idadi ya vipande, kwa hiyo jibu ni 1 na 1/8. Swali likikuuliza kamba iliyobaki ina urefu gani, jibu ni 1/12 ya mita. Hapa tena ulinzi wako ni lile swali la sehemu ya nini.

Hukuuliza kuhusu desimali, na sitazirefusha, ila ujue kwamba ni sehemu zilezile zilizolazimishwa kuwa na asili ya 10, 100, 1,000 na kuendelea. Robo hukubali, kwa kuwa 1/4 ni 25/100, yaani 0.25. Theluthi haikubali, kwa sababu hakuna 10, 100 wala 1,000 inayogawanyika kwa 3 bila kubaki, kwa hiyo inaandikwa 0.333 isiyokwisha. Sehemu iliyorahisishwa kabisa huwa na desimali inayokwisha pale tu asili yake inapoundwa na namba tasa 2 na 5 peke yake. Kwa hiyo usibadilishe sehemu kuwa desimali katikati ya hesabu kwa kukimbia asili, maana theluthi tatu ni 1 kamili, ilhali 0.33 mara tatu ni 0.99.

Kwa wiki mbili za kwanza, ningekuomba uandike asili kwa maneno kila unapoweza, "thumni tatu" badala ya 3/8, na useme kwa sauti kama jibu litazidi 1, litakuwa chini ya nusu, au litapungua kuliko ulichoanza nacho, kabla ya kuanza kukokotoa. Anza na 3/8 + 1/6, ambayo kwa asili ya 24 itakupa 13/24, zaidi kidogo ya nusu. Fuatisha na 5 kutoa 2 na 3/7: vunja nzima moja iwe subui saba, utabaki na 2 na 4/7. Kisha 2/9 ÷ 4/3. Kabla ya kupindua, tazama kwamba 4/3 ni kubwa kuliko 1, kwa hiyo haimo hata mara moja ndani ya 2/9, na jibu litakuwa dogo kuliko 2/9. Kwa jina moja, ni tusui 2 zikipimwa kwa tusui 12, yaani 2/12, ambayo ni sudusi moja.